Kichaka cha Kaveke

Mimi ndiye niliyeita mwethya. Naanza na hilo ili mtu asipoteze muda kutafuta mwenye kosa. Wale wanawake kumi na wanane walikuja na panga zao kwa sababu nilipiga simu nikasema njooni, na kwetu Ukambani mwethya ukiitwa hauulizi maswali mengi. Watu wa kikundi wanauliza ni siku gani na ni saa ngapi, wananoa panga, wanakuja kufanya kazi ya mwenzao bila malipo. Anayefanyiwa kazi anatakiwa kupika na kushukuru, basi.

Aliyekuwa anafanyiwa kazi ni baba yangu, Nzioki, na hakuwa anajua.

Ili unielewe, lazima nikueleze jina langu. Mimi ni binti wa kwanza, kwa hiyo nilipewa jina la mama yake baba, Mwelu. Ndiyo desturi. Na kwa kuwa nina jina la mama yake, baba hajawahi kuniita Mwelu hata siku moja. Huniita mwaitu, yaani mama yangu. Nikiwa na miaka mitano nilikuwa nasimama mlangoni na kumwamuru anawe miguu kabla ya kuingia, na yeye, mwanamume mzima ametoka kiwandani Thika, alikuwa anainama na kunawa. "Mwaitu amesema," anamwambia mama, na mama anacheka. Mtu aliyezoea kutiiwa na baba yake tangu utotoni haponi ugonjwa huo. Nina miaka arobaini na mbili na bado naumwa.

Mama yetu, Kaveke, alifariki mwaka jana mwezi wa sita. Tangu hapo nimekuwa na ombi moja tu: baba aache lile shamba lake la nusu eka, huko mashariki ya Thika ukiacha barabara ya Garissa, aje akae nasi huku Ruiru, mtaa wa Gitothua. Tuna chumba. Mume wangu, Gathogo, ni Mkikuyu wa hapa hapa Ruiru, mtu mpole, na yeye mwenyewe alikipaka rangi kile chumba. Baba alikuja, akakiangalia, akakisifu, akarudi kwake.

"Na ndege za mama yako?" aliniuliza. "Nani atakaa nazo?"

Nilikuwa nawajua hao ndege. Ni ndege wa rangi ya udongo, wachafuchafu, wana mabaka meupe kana kwamba mtu aliwarushia chokaa, na macho mekundu. Wanaishi kichakani nyuma ya jikoni na wanapiga kelele kutoka alfajiri. Nilidhani baba ametafuta kisingizio akakosa kizuri, akachukua hicho.

Kichaka chenyewe kilikuwa lantana tupu, kimeshuka kutoka ukuta wa jikoni mpaka kijito, kimejaa miiba hata mbuzi wanakikwepa. Maafisa wa kilimo wanasema lantana ni gugu, ing'olewe. Mwezi wa pili nyoka alitoka humo akajikunja kwenye mlango wa jikoni, na baba akanisimulia kwa simu huku anacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia akikate kichaka. Akasema ataona. Nikamwambia tena, na tena, na kila mara alikuwa anaona tu.

Basi nikaamua kama mama yake. Mwezi wa nne, mvua ilipoanza, nilimpigia Katunge. Katunge ndiye mwenyekiti wa mwethya wa kule na alikuwa rafiki wa mama wa kufa na kuzikana. Nikamwambia, "Mimi nitamtoa mzee Ijumaa nimlete kliniki ya macho huku Ruiru, alale kwangu. Nyinyi Jumamosi saa mbili asubuhi ingieni. Akirudi jioni akute kumekuwa kweupe."

"Umefikiria vizuri," Katunge akasema. "Huyo mzee ataumwa na nyoka siku moja. Leta mchele na nyama, mahindi ya muthokoi tutapika wenyewe."

Nilituma mchele na nyama. Nililala usingizi mtamu wiki nzima. Wahenga walisema tenda wema nenda zako, lakini hawakusema umwulize kwanza unayemtendea, na mimi sikuuliza.

Ijumaa daktari alimpima macho akasema anaona kuliko mimi. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu baba alikuwa ameshavaa viatu, amekaa kwenye kiti cha plastiki kwenye veranda yetu ya ghorofa ya tatu, mkoba magotini, kofia kichwani. Nikampelekea chai na chapati. Nikakaa naye, maana kazi yangu siku hiyo ilikuwa kumchelewesha.

Chini yetu, kwenye jaa la plot ya jirani, kunguru walikuwa wanagombania ngozi za maparachichi.

"Mwaitu, hizi ndio ndege mko nazo hapa?"

"Ndio hizo. Zinakula takataka, hazisumbui mtu."

"Hizi ziko kila mahali. Hata Uganda ziko, hata Tanzania." Akanywa chai. "Mimi nataka nifike nyumbani kabla ya saa tano. Kuna watoto kwa kiota."

"Watoto wa nani?"

"Wa ndege za mama yako. Watatu. Walitoka kwa mayai wiki iliyopita. Wako pale pale mama yako alikuwa anawaangalia, upande wa jikoni."

Nikamwambia ale chapati. Akala kidogo, akaiweka, akaanza kunisimulia. Sijui kwa nini alichagua asubuhi ile. Labda ni kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilikuwa nimekaa chini karibu naye bila kushika kitambaa cha kufutia kitu.

"Wakati mama yako alikuwa mgonjwa," alisema, "wewe ulikuwa unakuja kila Jumapili. Unaleta dawa, unafua, unaosha sufuria hata zile safi. Saa tisa unaenda. Sisemi vibaya, mwaitu. Ulifanya kazi. Lakini ukienda, mama yako alikuwa anabaki na kile kichaka. Alikuwa ananiambia nimtolee kiti pale mlango wa jikoni, na anakaa mpaka jua liingie."

Nikamwongezea chai.

"Hizo ndege, kila moja ina mabaka yake. Hakuna mbili zinafanana. Kwa hivyo mama yako akazipa majina. Ziko saba. Kuna Mulei, kichwa chake ni cheupe chote kama cha marehemu baba yangu. Kuna Kivuva, anachechemea. Kuna Pasta, ana weupe hapa shingoni, kama kola. Mumbi anapenda kuoga kwa mchanga. Dalmas hatulii, ni kama yule kijana wa boda. Na Katunge."

"Katunge?"

"Chakula kikitokea, anafika wa kwanza."

Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha nikahesabu kwa vidole. "Hao ni sita, Baba. Umesema saba."

"Wa saba utamwona mwenyewe siku ukikaa."

Akaendelea. Siku moja mama akiwa bado na nguvu kidogo, kijana mmoja anayeitwa Wanyoike alibisha langoni. Alikuwa anasomea mambo ya ndege katika chuo kimoja cha Thika, ana darubini shingoni na daftari. Alikuwa amesikia zile kelele kutoka barabarani akaja mbio. Alikaa na mama mlangoni mpaka jioni, na kabla ya kuondoka alimwambia kwamba ndege wale wako Kenya peke yake. Zunguka dunia yote, pita nchi zote, hutawapata. Hata Kenya kwenyewe ni mabonde machache tu ya huku kwetu. Vichaka vyao vya asili vilikatwa zamani vikawa mashamba, wakahamia kwenye lantana, kwa sababu ndiyo pekee ambayo hakuna mtu anayeitaka.

"Mama yako akamwuliza, 'Sasa hii ikikatwa, wataenda wapi?' Kijana akasema, 'Hawaendi, mama. Wanaisha.'" Baba akavua kofia, akaigeuzageuza. "Usiku huo mama yako akaniambia nisikate kichaka. Hakuniambia kitu kingine cha kufanya akienda. Hakusema juu ya mbuzi, wala shamba, wala nyinyi watoto. Nyinyi alijua mtajiweza. Alisema kichaka tu."

Niliitafuta simu mfukoni.

"Na unajua alizipendea nini?" baba akasema, sasa anatabasamu. "Hizi ndege hazilei mtoto peke yao. Baba na mama wanaleta wadudu, lakini hata wale wengine wote wanaleta. Yule alizaliwa mwaka jana analisha wa mwaka huu. Mama yako alikuwa anasema, angalia, hata hao wako na mwethya."

Niliangalia simu. Saa mbili na dakika ishirini na tano.

Nilimpigia Katunge. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nilijua ilikuwa wapi: iko kwenye kikapu pamoja na sahani, chini ya kanga, na mwenyewe yuko kichakani anaimba, maana mwethya wetu haukati hata tawi moja bila wimbo. Sikuwa na namba ya mwanamke mwingine yeyote. Nikaingia chumbani.

"Gathogo, washa pikapu."

"Nina simiti ya watu garini, niifikishe kule Kimbo kabla ya saa nne."

"Simiti itangoja. Amka!"

Mume wangu ananijua. Alitafuta viatu.

Tulibanana watatu mbele, simiti nyuma. Baba alifurahi kwamba anarudishwa mapema. Alimsifu Gathogo kwa gari, akaangalia mashamba ya kahawa yaliyogeuka maghorofa, akaanza kueleza wapi zamani kulikuwa na nini. Mimi nilikuwa napiga simu, inaita, inakatika. Tulipofika pale barabara kuu inapokaribia Thika, nikaona siwezi kumfikisha hivyo. Nikaiweka simu mapajani.

"Baba, kuna jambo nimefanya."

Nilimwambia lote. Niliangalia mbele nikiongea, kwa hiyo sikuuona uso wake. Nilisikia tu kwamba ameacha kueleza habari za kahawa. Gathogo alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayefanya mtihani wa udereva.

Tulipita mji, tukashika barabara ya Garissa.

"Umewaita wangapi?" akauliza.

"Kumi na wanane."

"Ai! Kumi na wanane." Akatikisa kichwa polepole. "Hao wangemaliza hata mlima."

Hakuniita mwaitu. Ningefurahi kama angenifokea. Baba yangu hafoki, na siku zote nimeona huo ni udhaifu wake. Siku ile niliona ni adhabu kali kuliko zote, kwa sababu ilibidi nijifokee mwenyewe, na mimi najua kufoka.

Tulisikia wimbo kabla ya kusimama. Kisha nikaona anga mahali ambapo hapakuwa na anga. Kutoka langoni, kupita ukuta wa jikoni, ungeweza kuona kijito moja kwa moja, kinametameta. Zaidi ya nusu ya kichaka ilikuwa chini. Matawi yalikuwa yameburutwa mpaka katikati ya shamba yakawa rundo refu kuliko mtu, na mwanamke mmoja alikuwa analimwagia mafuta ya taa kidogokidogo kutoka kwenye chupa, akiangalia asiyapoteze.

"Acha!" nilipiga kelele. "Acha, usiwashe!"

Wakadhani nawasalimia. Wakapiga vigelegele. Wakaja wote, wamelowa jasho, mikono imechanwa na miiba, wanacheka, Katunge mbele na panga begani.

"Mzee, tulitaka kukushtua! Umeona kazi ya mtoto wako?"

Na baba akafanya jambo ambalo sitalisahau. Aliweka mkoba chini akaanza kuwasalimia. Mmoja mmoja. Alishika mkono wa kila mwanamke kwa mikono yake miwili, akataja jina lake, akauliza habari za nyumbani kwake, akasema asante kwa kazi. Wanawake kumi na wanane. Mimi nilikuwa naruka nyuma yake.

"Baba, ndege! Baba, watasalimiwa baadaye!"

"Mwethya unashukuriwa kwanza," alisema bila kugeuka, na sauti yake ikakatika kidogo mwishoni, na ndipo nilipojua jinsi alivyokuwa anajizuia.

Alipomaliza wa mwisho alisimama mbele yao, kofia mkononi.

"Nimeshukuru kabisa," alisema. "Mmefanya kazi ya upendo. Sasa mimi nawaomba kitu kimoja tu. Naomba mkirudishe."

Hakuna aliyecheka.

"Turudishe nini, mzee?" Katunge akauliza.

"Kichaka."

Aliwaeleza kwa maneno machache kuliko yale aliyonipa mimi. Hakusema nchi ngapi wala mabonde mangapi. Alisema, "Ni ndege za Kaveke. Ziko Kenya tu, na kwa Kenya ziko hapa. Zina watoto. Aliniambia nisikate." Wala hakusema ni mimi niliyekosea. Hilo nililisema mwenyewe, kwa sauti, kila mtu akasikia.

Katunge alishusha panga. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Hata mimi aliniambia," akasema. "Nilipokuja kumwona mara ya mwisho, alinishika mkono akaniambia, Katunge, wasikate kichaka changu. Nilidhani ni ugonjwa unaongea. Woi, Kaveke." Akajipiga paja. "Nyinyi mnangoja nini? Tafuteni kiota!"

Nimeona watu wakitafuta mambo mengi, lakini sikuwa nimewahi kuona wanawake kumi na wanane wakifumua rundo la miiba kwa vidole, tawi kwa tawi, kimya, wakitega sikio. Gathogo aliacha simiti akaja akavua shati. Baba alipiga magoti upande ule wa jikoni, akawa anatembeza mikono chini kwenye majani yaliyobaki. Alikuta mtoto mmoja hapo, amekufa, bado hana manyoya ya kutosha. Alimwekea kofia yake juu, akaendelea kutafuta.

Mimi ndiye niliyesikia. Ilikuwa sauti nyembamba sana, chini kabisa kwenye rundo, upande ambao mafuta ya taa hayakuwa yamefika. Niliingiza mkono mpaka begani. Niliutoa umechanika, ninao hata leo mstari mmoja wa kovu, lakini nilikuwa nimelishika tawi, na katika njia panda ya tawi kilikuwamo kiota, kimelala ubavu, na ndani yake midomo miwili ya manjano imefunguka.

Nikampigia yule kijana Wanyoike, maana baba alikuwa na namba yake imeandikwa na mama kwenye kalenda ya ukutani. Nilimweleza yote. Akasema kirudisheni kiota karibu na pale kilipokuwa, kizungusheni matawi, muondoke, mnyamaze. Watoto wakilia kwa njaa, huenda wakubwa wakarudi. Nikamwuliza huenda ni kiasi gani. Akasema, "Huenda tu, mama."

Basi mwethya ukaanza upya, na sidhani kikundi chochote kimewahi kufanya kazi kama ile. Tuling'oa nguzo za uzio wa kuku tukazisimamisha pale. Katunge alichana leso yake, nzuri, ile ya mazishi na sherehe, tukafungia tawi la kiota kwenye lantana iliyobaki imesimama. Tulirudisha matawi yaliyokatwa, tukayasimika kulizunguka, tukayapanga kwa unene, miiba juu ya miiba. Na yale yaliyonyooka tuliyakata vipande tukavichomeka kwenye udongo uliolowa mvua, mistari kwa mistari, mpaka kijitoni.

"Mungu nisamehe," mwanamke mmoja alinong'ona, "miaka yote nang'oa hii kitu kwangu, leo naipanda kama sukumawiki."

Ilipotimia saa saba hatukuwa na la kufanya zaidi. Baba alimzika yule mtoto chini ya ukuta wa jikoni, akavaa kofia. Tukaenda sote kukaa mbele ya nyumba, na chakula kikapakuliwa, na ndipo nilipoona maajabu mengine: wanawake wa mwethya wakila nyama na muthokoi bila kelele. Kijiko kikigonga sahani, mtu anatazamwa vibaya. Baba alitoa kile kiti cha mama akakiweka mlangoni pa jikoni, kwa ndani, gizani kidogo. Hakukikalia. Alinionyesha mimi kwa kidevu.

Nikakaa. Yeye akasimama nyuma yangu.

Ndege wakubwa walikuwa ng'ambo ya kijito, juu ya mti. Niliwaona wakihamahama, wakiita. Niliwahesabu sita, kisha watano. Watoto walilia kiotani, wakanyamaza, wakalia tena, sauti imepungua. Saa nane ikapita. Sijawahi kukaa hivyo kwenye nyumba ile, mikono mitupu, bila kufua, bila kuosha. Niliona kwamba kutoka kwenye kile kiti mtu anaona kijito, na anaona njia ninayoshukia nikija Jumapili. Mama alikuwa ananiona nikija na alikuwa ananiona nikiondoka.

"Nisamehe, Baba," nilisema.

"Nyamaza, mwaitu," akasema. "Angalia."

Aliniita mwaitu. 

Ndege mmoja alikuwa ameshuka. Wengine walibaki ng'ambo wakimpigia kelele kama wanamkataza, na yeye akawa anawajibu kwa kelele zaidi, peke yake, akirukaruka chini kwenye udongo mtupu ambao asubuhi ile ulikuwa nyumba yake. Alikuwa mwembamba, kifua kimejaa mabaka meupe. Mdomoni alikuwa na kiwavi wa kijani. Alizunguka matawi yetu ya uongo, akayagombeza, akayaruka, akapata tundu. Akaingia. Watoto walipaza sauti mara moja, wakanyamaza pamoja, kama watoto wanavyonyamaza wakiwekewa chakula.

Alitoka mdomo mtupu. Akaenda. Akarudi na kingine.

"Ni mama yao?" nilinong'ona.

"Hapana. Huyo ni dada yao. Alizaliwa mwaka juzi, mama yako akiwa hapa. Wa kwanza kutoka kwa kiota." Baba aliweka mkono wake kichwani pangu, kitu ambacho mwana hamfanyii mama yake, na ambacho hakuwa amekifanya tangu nikiwa mdogo. "Huyo ndiye wa saba. Mama yako alimwita Mwelu."

Sikuweza kugeuka.

"Kwa sababu ya kelele?" niliuliza.

"Kelele, ndio. Na hasira, umeona mwenyewe. Anagombeza hata wazazi wake." Yule ndege alikuwa amerudi mara ya tatu, na nyuma yake, akichechemea kwenye udongo, Kivuva. "Lakini mama yako alisema, Nzioki, mwangalie, huyu mtoto hachoki kuleta. Tangu asubuhi analeta tu. Alikuwa anasema siku moja atatua, akae, aonje na yeye anacholeta."

Nililia. Nililia pale pale kwenye kiti cha mama, kwa sauti, kama nilivyoshindwa kulia siku ya mazishi kwa sababu kulikuwa na wageni wa kupikia. Katunge alitokea mbio kutoka mbele ya nyumba, sahani bado mkononi, akaniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka mafuta ya taa, na yeye mwenyewe machozi yanamtiririka.

"Nyamaza wewe," akaninong'oneza. "Utawafukuza."